Kisasi cha Fundi Kushoto

Pasi ilikuwa bado inafuka mkononi mwa Fundi Kushoto, na wifi yake alikuwa anakuja.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na najua wengine mmelala vibaya. Kuna hata aliyeniuliza kama pasi itatua usoni au kifuani. Haraka ya nini, msomaji? Mwenye kisasi hana haraka.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo yalikuwa hivi. Punde tu kabla ya hapo, Mzee Mvuke, mpiga pasi wa karakana ile ya ushonaji, alimwinamia Fundi Kushoto sikioni akamnong'oneza: "Wifi yako aliiona ile mikono kabla hujakata. Akanyamaza."

Ile mikono. Nani asiyeijua katika mtaa ule? Yalikuwa majoho ya kwaya, ya satini, kitambaa chenye uso unaong'aa na mgongo usiong'aa, kwa hiyo mkono ukishakatwa wa kushoto huwezi kuugeuza uwe wa kulia. Yeye alikata rundo zima kwa mpigo mmoja huku akipiga mluzi. Yote ikatoka mikono ya kushoto. Kwaya nzima.

Kabla ya siku ile jina lake lilikuwa Fundi Mkasi, na watu walivuka mji mzima kumfuata. Baada ya siku ile akawa Fundi Kushoto. Meza ya kukatia akapewa wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hata kushika mkasi. Mwalimu akapelekwa kona ya pasi, kufumua mishono na kushona vifungo.

Sasa anaambiwa wifi aliona.

Wifi alifika. Cherehani zote zikanyamaza, maana mafundi wana masikio kuliko macho. Fundi Kushoto aliinua pasi kidogo, akaitazama, kisha akaiweka juu ya kibao chake taratibu. Pasi usoni huacha alama, na alama huita polisi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

"Wifi," akaanza mgeni wake, "nina ombi."

"Sema."

"Kesho asubuhi nakata lile pazia la jukwaa. Nakuomba uwe jicho langu la pili."

Fundi Kushoto alidhani amesikia vibaya. "Mimi?"

"Wewe."

"Na hawa wote wamekufa?"

"Nakutaka wewe. Sababu nitakwambia kesho."

Jicho la pili ilikuwa sheria ya Bosi, mama mmoja mnene aliyeitwa Bi Pini kwa sababu aliongea na pini zimejaa mdomoni, hata kwenye simu. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Fundi hafungui mkasi mpaka mwenzake apitie michoro yote ya chaki juu ya kitambaa, kisha aseme kwa sauti: kata.

Fundi Mkasi wa enzi zile aliicheka sheria hiyo. "Jicho la pili ni la mwenye la kwanza bovu," alikuwa akisema. Fundi wa suruali alipojaribu kumtazamia kazi, aliambiwa akashone mifuko. Mzee Mvuke naye alisogea siku moja kwa nia njema tu, akaambiwa mbele ya wateja, "Pasi haina macho, Mzee. Rudi kwenye mvuke wako." Wateja walicheka. Mzee Mvuke naye alicheka, akarudi kwenye mvuke wake.

Tuendelee. Fundi Kushoto alimtazama wifi yake, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Nitakuja, wifi yangu."

Hilo "wifi yangu" lilikuwa na sukari nyingi, mwenye akili angeogopa kisukari.

*

Jioni, mumewe alikuwa anamenya viazi.

"Mdogo wangu amenipigia. Anasema kesho utamsimamia kwenye pazia."

"Ndiyo."

"Nimefurahi. Kweli nimefurahi."

"Hata mimi."

Mume alinyanyua kisu. "Sasa mbona unacheka peke yako?"

"Nimekumbuka kitu."

"Ujue siku ile ya majoho alikuja akalia hapahapa jikoni, wewe hujarudi."

"Alilia nini? Si alipata meza."

Mume akaona viazi vina amani zaidi, akaendelea navyo. Fundi Kushoto aliingia chumbani, akafungua kabati na kuitazama mikono yake kwenye kioo cha mlango. Ilikuwa mikono ya fundi. Iliwahi kukata suti ya bwana harusi bila hata mstari mmoja wa chaki, na watu wakapiga makofi. Sasa ilikuwa inanuka pasi. Hamu ya kulipiza ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hakuwa na mpango bado. Lakini alijua kitu kimoja: asiyeambiwa huangamia, na yeye hataambia mtu.

*

Asubuhi, pazia lilikuwa limelala mezani likisubiri.

Lilikuwa la mahameli nyekundu iliyoiva, la ukumbi mpya wenye jukwaa pana. Pazia pana hivyo halitoki kwenye kipande kimoja. Vipande virefu hupangwa kimoja juu ya kingine, hukatwa pamoja upande wa chini kwa umbo la mawimbi, kisha huungwa ubavu kwa ubavu. Jora la rangi ile lilikuwa limekwisha. Muuzaji alishasema hapati lingine.

Mafundi walisimama kuzunguka meza. Mzee Mvuke peke yake hakuwepo, alikuwa ametoka mapema kupeleka suti kwa mteja. Bi Pini alisimama mwisho wa meza, pini zake mdomoni.

"Haya," akasema wifi. "Karibu, wifi."

Fundi Kushoto aliinama. Akaangalia mawimbi yaliyochorwa: safi. Akaangalia vipimo: safi. Moyo ukaanza kumshuka, maana hakuna uchungu kama wa kumtafutia adui kosa ukalikosa. Ndipo akatia kiganja kwenye kingo za vipande, kimoja baada ya kingine.

Mahameli ina manyoya. Ukiipapasa kuelekea yanakolala, inateleza. Ukiipapasa kinyume, inakataa, kama paka. Na manyoya yakielekea juu, rangi huonekana imeiva. Yakielekea chini, huonekana imepauka. Ndiyo maana vipande vyote vya nguo moja lazima vielekee upande mmoja.

Kiganja kiliteleza. Kikateleza. Kikateleza. Kwenye kipande cha katikati kikakataa.

Akarudia, polepole. Kikakataa tena.

Kipande kile kilikuwa kimelazwa kichwa chini miguu juu. Hapa mezani, chini ya taa dhaifu za karakana, hakuna jicho lingeona. Lakini mkasi ukishapita kwenye yale mawimbi, hakuna namna ya kukigeuza tena. Siku ya kufungua ukumbi taa kubwa zitawashwa, na katikati ya pazia kutakuwa na mstari mpana wa rangi nyingine, kama kiraka kwenye suruali ya harusi. Watu wataanza kunong'onezana. Halafu watacheka. Halafu watampa wifi jina.

Fundi Kushoto alikuwa ameshamchagulia: Fundi Kiraka.

Utamu ulimpanda mpaka masikioni. Hakuwa amegusa kitu. Hakuwa amevuruga kitu. Alitakiwa kufanya jambo lilelile alilofanyiwa, basi.

"Jicho la pili linasemaje?" akauliza Bi Pini kupitia pini zake.

"Kata," akasema Fundi Kushoto.

Wifi aliushika mkasi. Lakini hakukata. Aliwageukia mafundi.

"Kabla sijakata, niseme kwa nini nimemwita wifi yangu. Najua mmeshangaa." Akashusha mkasi. "Siku ya majoho, mimi niliona. Nilimwendea nikamwambia, wifi, hebu igeuze ile karatasi ya kukatia mkono. Akaniambia, mwanafunzi hamkosoi mwalimu, nenda kaokote nyuzi. Nikaenda kuokota nyuzi. Ningeweza kupiga kelele, sikupiga. Niliona haya. Na niseme kweli, moyoni kidogo nilitaka akosee."

Wifi akaendelea.

"Nimemwita yeye kwa sababu ninyi mnanipenda. Mtatazama kazi yangu kwa upendo, mpite. Yeye ananichukia. Kama kuna kosa hapa, atalitafuta mpaka alipate. Akisema kata, nakata nimefumba macho."

Nenda kaokote nyuzi. Fundi Kushoto alikuwa ameyasahau maneno hayo, na sasa yalirudi yote, na sauti yake, na mluzi wake. Kweli alisema. Hata hakuinua kichwa alipoyasema. Mzee Mvuke alikuwa amempa habari nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa yeye mwenyewe.

Nyamaza tu, ulimwambia ule mwiba wa kooni. Umeshasema kata, limekwisha. Vumilia pumzi moja.

Mkasi ulifunguka. Ubapa wa chini ukaingia chini ya mahameli.

Fundi Kushoto aliutupa mkono juu ya mstari wa chaki. Mkasi ulimgusa ngozi ya kidole, damu ikachungulia.

"Usikate."

"Wifi, nimekuumiza."

"Usikate. Kipande cha katikati kimegeuzwa. Kipapase."

Wifi akapapasa. Rangi ikamtoka usoni. Fundi wa suruali aliinua kona ya kipande kile pamoja na cha juu yake, akavipeleka dirishani kwenye jua. Kimoja kilikuwa kimeiva kama nyanya, kingine kimepauka kama tofali. Karakana nzima ikavuta pumzi.

Ndipo Bi Pini alipofanya jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona. Alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Bi Pini akiongea bila pini, mtu anakwenda nyumbani.

"Sasa hivi umesema kata."

"Nimesema."

"Ulikuwa hujaona?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, umepigwa pasi vizuri. Fundi Kushoto aliumeza.

"Nilikuwa nimeona. Nilisema kata nikijua. Nilitaka aaibike kama nilivyoaibika."

"Vua tepe."

Tepe ya kupimia huvaliwa shingoni, na fundi bila tepe ni mpita njia. Fundi Kushoto aliivua, akaiweka mezani. Aibu ya majoho ilikuwa imemchoma, lakini ile ilimpata bila kujua. Hii ya leo aliishona kwa mkono wake, na ilimuuma zaidi.

"Bosi," akasema wifi, "kama unamfukuza kwa kunyamaza, nifukuze na mimi. Mimi ndiye niliyenyamaza kwanza."

Bi Pini aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta ipi ni kushoto na ipi ni kulia.

"Pazia hili litundikwe bila doa," akasema mwishowe. "Likiwa na doa, mtatoka wote wawili mmeshikana mikono, hata kama yote ni ya kushoto. Na tepe inabaki hapo mezani mpaka niseme."

Akarudisha pini zake mdomoni, akaingia ofisini kwake, mlango ukafungwa.

*

Wifi alimfunga kidole kwa kipande cha kitambaa.

"Lile la nyuzi nilikuwa nimelisahau," akasema Fundi Kushoto.

"Mimi sijalisahau."

"Najua. Nisamehe, wifi."

"Na mimi nisamehe. Lakini bado nina hasira na wewe."

"Hata mimi nina hasira na wewe. Tufanye kazi na hasira zetu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliogombana na bado wana ndoa moja katikati yao. Kisha Fundi Kushoto akamshika wifi kiganja, akampitisha kwenye kingo, kipande kwa kipande, akimwonyesha namna ya kusikiliza kitambaa kwa ngozi bila kukiamini kwa jicho. Walipofika mwisho akasema, "Rudia wewe peke yako. Sina hakika nimeona yote."

Kule nyuma fundi wa suruali alisimamisha cherehani. Miaka yote hakuwahi kumsikia mama yule akisema hana hakika, hata na hali ya hewa.

Wifi akarudia. Kisha akakunja uso. "Lakini mimi nilipapasa, wifi. Jana kila kipande nilikipapasa, nikachora mshale nyuma kuonyesha manyoya yanalala wapi. Leo asubuhi nilipanga kwa kufuata mishale yangu."

Ulimi wa zamani wa Fundi Kushoto ulikuwa tayari na jibu: kosa lako libebe. Aliung'ata.

"Nionyeshe mshale."

Wakakivuta kipande cha katikati, wakakigeuza. Mshale mweupe ulikuwepo mgongoni. Wifi akaupangusa kwa kidole, kama fundi yeyote apangusavyo chaki. Haukutoka. Akasugua. Haukutoka.

"Chaki yangu ni ya vumbi," akasema wifi polepole. "Ukipuliza tu inaondoka."

Fundi Kushoto aliinama mpaka pua ikagusa kitambaa. Chini ya mshale ule kulikuwa na kivuli cha mwingine uliofutwa vibaya, ukielekea upande wa pili. Mtu alikuwa ameufuta wa kweli akachora wa uongo, tena kwa chaki ya nta, ile isiyopanguka kwa mkono, inayoyeyuka kwa joto tu. Katika karakana nzima chaki ya nta ilikaa mahali pamoja, kwenye kisahani kando ya pasi.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaiona hesabu yote. Jana Mzee Mvuke alijua nani atakata. Alisikia nani ataombwa kuwa jicho la pili, au alibahatisha tu. Akamchochea Fundi Kushoto kwa habari nusu, akageuza mshale, kisha asubuhi akajitafutia safari ya suti. Mmoja akate, mwingine aseme kata, wote wawili watoke kwa mlango mmoja. Na yeye mikono yake safi, inanukia mvuke.

Hasira iliyompanda sasa ilikuwa kubwa kuliko ile ya jana. Jana alimchukia mtu aliyenyamaza. Leo alimjua aliyemtumia kama sindano.

"Twende kwa Bosi," akasema wifi.

"Tukamwambie nini? Atasema chaki ni chaki, yeyote angeweza kuichukua."

"Sasa?"

"Kirudishe kipande kama kilivyokuwa. Kichwa chini."

Wifi alimtazama, akaelewa. Wakakirudisha, wakalainisha kingo, wakasimama kila mmoja upande wake wa meza. Mafundi wengine waliinamisha vichwa kwenye cherehani zao bila kushona kitu.

Mzee Mvuke aliingia na hodi yake ya siku zote, akatundika kofia msumarini. Kisha akaona mahameli ikiwa nzima mezani, na tabasamu likamganda.

"Hamjakata bado?"

"Tulikuwa tunakusubiri wewe," akasema Fundi Kushoto.

"Mimi wa nini tena?"

"Jicho la pili. Njoo ututazamie, Mzee. Nakuomba."

Neno lile "nakuomba" lilimsimamisha. Alifuta mikono kwenye suruali, akasogea, akainama. Akaangalia mawimbi. Akatia kiganja kwenye kingo, na mtu aliyepiga pasi maisha yake yote huijua mahameli kama anavyojua kichwa cha mwanawe. Kiganja kiliteleza. Kikateleza. Kwenye kipande cha katikati kikasimama.

Kikakaa pale. Kila mtu alikiona.

"Umetazama vizuri, Mzee?" akauliza Fundi Kushoto.

Mzee Mvuke aliinua macho. Hayakuwa yale ya kucheka na wateja.

"Nitazameje, fundi? Pasi haina macho. Si uliniambia mwenyewe?"

Akaondoa kiganja kwenye kitambaa.

"Kateni," akasema.

Fundi Kushoto aliijua sauti ile, tulivu, tamu, isiyo na haraka. Asubuhi ilikuwa imetoka kinywani mwake mwenyewe. Alitaka kumrukia mzee yule, na papo hapo alitaka kumpigia magoti, na hakujua lipi litatangulia. Mkono uliofungwa kitambaa uliuchukua mkasi mezani.

"Wifi," akasema bila kuondoa macho kwa Mzee Mvuke, "funga mlango."